Konyo Lililojipigia Hodi

Mkarafuu haukumwangusha Asaa.
Alishuka mwenyewe, pakacha limejaa kiunoni,
na kisiki cha tawi lililovunjwa msimu uliopita
kikamfungua ugoko kama muwa.

Damu ilimwagika, ikakata.
Dakika saba, labda nane. Nilihesabu kwa mazoea,
mie ninayeshinda maabara ya Wete
nikiinamisha vichupa, nikingoja
damu za watu zigande nizirekodi.
Nikamfunga kitambaa. Nikasema, basi, yamekwisha.

Usiku ugoko ukawaka.
Ukavimba, ukang'aa kama biringani,
Asaa akauweka juu ya mto
akawa anautazama kama mgeni asiyeaga.
Mama, jamvini, na karafuu mbichi mbele yake,
hakuinua uso:
"Damu si imekatika? Sasa moto huu
kauwasha nani?"

Chuoni niliulizwa hilo kwa maneno marefu,
nikajibu kwa maneno marefu, nikafaulu.
Hapa umeme umezimika, taa ni ya betri.
Nikaanza vibaya. Nikasema: kimeng'enya.
"Meng'enya nini?"
Nikaanza upya.

Mama, yupo fundi ndani ya damu, jina lake trombini.
Hulala hajijui mpaka mshipa upasuke.
Akiamka hushika uzi uliokuwa umeyeyuka,
akaufuma wavu, wavu ukainasa damu,
tundu likazibika. Kazi hiyo umeiona.
Lakini kisu chake hakirudi alani.
Huvuka kizingiti cha jeraha
akaingia kwa majirani, seli za chini ya ngozi
ambazo hazikuvuja hata tone,
na kila seli ina kipokezi kimechomoza ukutani
kama

hapo nikakwama. Kama nini?
Mama alikuwa ameshika kishada.
Kidole gumba kikasukuma, tk,
vichwa vikaanguka ungoni,
konyo likabaki mkononi.

Kama hilo, nikasema. Hilo hilo.
Trombini hukata kichwa, akaenda zake.
Kichwa hupotelea majini, hakina bei.
Kwetu mali ni kichwa, makonyo ni makapi;
kule konyo ndilo lisemalo.
Ncha yake mpya, iliyofichwa tangu kuumbwa,
hujikunja, ikarudi nyuma,
ikajichoma ubavuni mwa kipokezi kile kile.

"Kumbe," mama akasema,
"linajipigia hodi lenyewe."

Miaka mitatu nilisoma. Sikuwahi kulisema hivyo.

Na ndani huitikiwa.
Habari hukimbia kutoka utandoni hadi kiini,
jeni zikafunguliwa kama maduka ya mkesha wa Idi,
seli ikamwaga kemikali zake mtaani:
njooni, hapa pamevunjwa!
Mishipa hutanuka, damu ikajaa: ndio joto.
Mishono yake hulegea, maji yakapenya: ndio uvimbe.
Chembe nyeupe hufika makundi kwa makundi,
wazima moto waliobeba moto wao.

"Kama marehemu baba yenu," mama akasema.
"Mwizi keshaondoka,
yeye ndiyo kwanza anaamsha mtaa."
Asaa akacheka, mguu ukamkumbusha, akaacha.

"Na hilo konyo, huungwa tena?"
Hapana. Lililokatwa limekatwa.
Seli hukimeza kipokezi, ikakisaga,
ikaunda kingine chenye kichwa kizima
kikae ukutani kingoje.

Sikumwambia habari za kitanda cha sita,
ambako kisu kimezunguka mwili mzima
na mtaa ulioamshwa haujalala
tangu Jumatatu.

Siku ya nne ugoko ulipoa.
Asaa anakuna kigaga, anagombezwa, anakuna.
Mama ameanika barabarani, vichwa huku,
makonyo kule, kwenye jamvi lake peke yake.
Nilipopita kwenda kazini akaniita.

"Wewe msomi. Usiku ule ulisema makonyo makapi.
Nayo yanauzwa.
Yanakamuliwa mafuta."